Waziri Hacheui

Jumapili, 14 Aprili

Mchungaji Ngari amewaambia akina mama leo kwamba mtu mwenye hasira aandike kwanza, aseme baadaye. Aliwaambia wote, lakini macho yake yalikuwa kwangu, na kila mtu kanisani aliona. Haya basi, naandika. Nina hasira na mvua iliyonyeshea nguo zangu kwenye kamba. Nina hasira na mtaro wa mtaa wetu wa Tuwan, hapa Kitale, uliofurika mpaka mlango wa jikoni. Nina hasira na Mchungaji Ngari pia.

Jambo jema ni moja. Mwanangu Mukhisa anatahiriwa Agosti. Sisi Wabukusu tunatahiri mwaka mmoja, tunaruka mmoja, na ukikosa zamu yako unangoja huku wenzako wakikuita mtoto. Kakangu Hillary ndiye khocha wake, yaani mjomba, na khocha ndiye mwenye fahali. Siku moja kabla ya kisu, mtoto anakwenda kwa khocha. Fahali anachinjwa, tumbo linapasuliwa, khocha anachota buse, yale majani ya tumboni yaliyosagika, anampaka mtoto usoni na kifuani. Kisha anamvika shingoni ukanda wa nyama. Bila hayo mtoto amekatwa tu, hajabarikiwa, na likimpata jambo lolote mpaka uzeeni watu watasema ni kwa sababu khocha alimnyima.

Hillary hatanyima. Fahali yupo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Chapati za kibandani kwangu hazikuisha.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumeshuka Bungoma kumwona fahali. Boma la Hillary liko nje kidogo ya Webuye, shamba linateremka mpaka kijito. Fahali anaitwa Waziri kwa sababu ana kitambi, anatembea polepole, na hakuna kazi aliyowahi kutufanyia. Manyoya yanang'aa. Mume wangu Hesbon alimzunguka mara kadhaa huku mikono iko nyuma, kama kwamba ni yeye aliyemfuga.

Mke wa Hillary, Roselyne, akatuletea chai. Ana wasichana watatu, mkubwa ni Everlyne. Akimimina chai akasema, "Fahali mzuri ya hii boma inaenda kwa mtoto wa watu," kisha akacheka.

Mtoto wa watu! Mwana wa dada ya mume wake! Nilicheka na mimi kwa sababu nilikuwa mgeni, lakini maneno hayo nimeyabeba mpaka Kitale na bado hayajashuka. Asiye na mvulana ana uchungu wake, naelewa, lakini uchungu wako usiumwage kwenye kikombe changu.

Ijumaa, 10 Mei

Nimechoka na mikono inanuka mafuta, lakini leo lazima niandike au nitalala na mtu mdomoni.

Serikali ilitoa likizo ya kupanda miti. Shule zenyewe hazijafunguliwa kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo watoto walikuwa tele. Hesbon ana kitalu chake cha miche kwenye barabara ya Endebess, na safari hii ndiye aliyeombwa kupeleka miche ya kupandwa kando ya kijito cha kwa Hillary. Mimi, kwa kuwa nina kibanda cha chapati, nikaambiwa nilishe watu. Nilianza kupika jana. Chapati mbili na maharagwe ndani ya karatasi moja nyembamba ya nailoni, zile za mistari ya zambarau zinazopenyezwa kutoka ng'ambo ya mpaka. Ndiyo, zimepigwa marufuku miaka mingi, lakini marufuku haifungi maharagwe. Kila moja nikaifunga fundo langu la masikio mawili, ambalo ukilivuta ndiyo kwanza linakaza. Chakula changu hakimwagiki, Kitale nzima inajua.

Kazi ilikwenda vizuri. Mtu anachukua mche, anachana kwa panga ile tyubu nyeusi ya nailoni inayobeba mizizi, anafukia mche, anatupa tyubu. Saa ya chakula wakashindwa na fundo langu, wakararua karatasi upande wa chini, wakala. Chifu akahutubia kuhusu mazingira. Alikuwa amesimama juu ya tyubu na karatasi akisema miti ni uhai, na sote tukapiga makofi.

Ndipo akaja Roselyne na gunia. Mbele ya chifu, mbele ya walimu, akamwambia mume wangu, "Baba Mukhisa, mmepanda miti ama mmepanda nailoni? Si muokote vitu vyenu kwanza."

Hesbon akacheka. "Mama Everlyne, mvua itabeba."

"Itabeba ipeleke wapi? Kwa mama yako?"

Watu wakaguna. Mama yake Hesbon amekufa! Nikasimama, nikamwambia wivu ungekuwa mbolea angevuna mahindi mara mbili kwa mwaka. Akaniangalia, akainama, akaendelea kuokota peke yake, taratibu, ili kila mtu aone. Huo si usafi, huko ni kutuaibisha. Mwanamke anayetaka kusafisha husafisha kesho yake wageni wakishaondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Shule zimefunguliwa. Mukhisa amekwenda na soksi moja.

Jumapili, 26 Mei

Mtaro umeingia ndani ya nyumba. Si mlangoni, ndani. Godoro la Mukhisa limelowa, unga umelowa, Biblia ya harusi imevimba. Hesbon na Mukhisa wamevua viatu, wakaingia na jembe kuzibua pale mtaro unapopita chini ya barabara. Wametoa chupa, nepi, viatu, na karatasi za nailoni zilizoshikana kama nywele kwenye kitana. Jirani zetu ni watu wachafu sana. Nilisimama mlangoni nikawatukana mmoja mmoja kwa majina, na hakuna aliyetoka kujibu.

Mukhisa akainua kitu kwa kidole. "Mathe, cheki. Hii si fundo yako?"

"Kila mtu anafunga hivyo."

"Zii. Ni wewe tu."

Nikamwambia achimbe aache mdomo. Hesbon akasema tatizo ni kaunti, kaunti haizoi taka, na nikakubaliana naye. Kaunti. Ile karatasi yenye fundo niliichukua mkononi mwa Mukhisa, nikaitupa upande wa pili wa barabara, ambako maji yanakwenda kwa watu wengine.

Jumapili, 9 Juni

Hillary amepiga simu wakati wa sadaka. Nikatoka nje.

"Dada, Waziri hacheui."

"Hacheui aje?"

"Anasimama tu. Asubuhi nimemkuta anasimama, jioni anasimama. Nyasi anaionja harafu anaiacha. Tumbo imefura upande."

Mtu ambaye hajafuga hataelewa. Ng'ombe anayekula kidogo ni mgonjwa kidogo, lakini ng'ombe asiyecheua anaaga. Sikurudi ndani ya kanisa.

Jumatano, 12 Juni

Wamemnywesha mafuta ya kupikia na magadi. Tumbo limeshuka.

Alhamisi, 13 Juni

Limefura tena.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekwenda mwenyewe kumwona. Mimi niliyezoea kumwita Waziri kwa mzaha leo nilimwita kwa upole na hakugeuza kichwa. Mbavu zinahesabika, lakini tumbo liko palepale, kama la mtu mwingine. Manyoya yamesimama. Alikuwa akilamba ukuta wa zizi, analamba na kulamba, kama kwamba ukuta una kitu alichonyimwa.

Nikauliza nani anamlisha. "Sisi wote," Hillary akasema. Nikauliza nani anaamka wa kwanza. "Roselyne."

Halafu nikaona. Jua lilikuwa linazama, nilikuwa nakwenda chooni. Nyuma ya zizi kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, si kuni na si majani, harufu kali ya kukwaruza koo. Na pale Roselyne ameinama na jembe. Akaweka kitu shimoni kutoka kwenye gunia, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Akatazama huku na huku, kisha akapita upande wa jikoni.

Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nimezaliwa Bungoma, sikuzaliwa mbinguni. Najua maana ya mtu kufukia kitu kando ya zizi wakati wa magharibi, na fahali wa boma hilohilo hacheui, na fahali huyo anakwenda kwa "mtoto wa watu". Nikarudi ndani bila kufika chooni.

Jumapili, 23 Juni

Nimemwambia Hesbon. Amesema nisiongee. Nimemwambia kwamba siongei, naandika.

Jumamosi, 6 Julai

Hesbon amemchukua Cheruiyot, daktari wa mifugo hapa Kitale, tukashuka naye. Kijana mpole, anaongea na ng'ombe kuliko anavyoongea na watu. Akamkanda Waziri ubavu wa kushoto kwa ngumi. Alipotoa ngumi, shimo lilibaki pale, kama unga uliokandwa.

"Mama, hii naona kama nailoni," akasema. "Ng'ombe akikosa chumvi anatafuta popote. Karatasi ikiwa na mchuzi ama mafuta, anameza yote. Endebess nimetoa nyingi sana."

Nikamwambia fahali wa khocha si mbuzi wa sokoni anayekula jalalani. Huyu amelelewa kwenye nyasi, kando ya maji, amepandiwa hata miti ya kivuli. Cheruiyot hakubishana. Akasema anaweza kumpasua ubavu, atoe kilichomo, amshone. Na asipopasuliwa, nyama haina neno, ila asicheleweshwe sana.

Hillary akakataa kabla hajamaliza. "Fahali ya mtoto haifai kuguswa na kisu kabla ya siku yake. Nikiwapa iliyoshonwa, wazee wataniuliza kama pia mtoto ni wa kushonwa."

Hapo alisema kweli. Kwa hiyo tukakaa tukimtazama. Roselyne alisimama mlangoni mwa jikoni amefunga mikono, na daktari aliposema neno nailoni aliguna. Mimi nilisikia mguno wa mtu aliyefurahi kwamba mwingine anasingiziwa.

Jumamosi, 13 Julai

Nimesema. Mchungaji Ngari atanisamehe, niliandika wiki tatu na haikupungua.

Tulikuwa sebuleni kwa Hillary tukipanga siku: nani ataalikwa, nani atashika nini. Roselyne akasema tukope fahali mwingine kwa jirani, huyu asisumbuliwe. Nikaona ndilo hasa alilokuwa akilitafuta, mtoto wangu apakwe buse ya boma la watu! Nikamwuliza, "Wewe nyuma ya zizi unafukia nini?"

Hesbon akanivuta nguo. Nikamwondoa mkono.

"Nimekuona kwa macho yangu. Unachoma, unafukia, unakanyaga. Fahali amekauka. Kama huna mtoto wa kiume, mwulize Mungu, usimwulize mwanangu."

Hillary akasimama, akaketi. Everlyne alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akasikia kila kitu. Nilimwona, na hata hivyo sikunyamaza, nikalirudia lile la mtoto wa kiume. Naliandika hapa kwa sababu nililisema.

Roselyne hakulia. Nilitaka alie. Aliweka kitambaa cha meza sawa, akasema, "Sawa, Mama Mukhisa. Mimi ni mchawi. Wacha basi mchawi atoke, muone kama fahali yenu itapona."

Jumapili, 14 Julai

Amekwenda kwao Kimilili na wasichana wote watatu.

Jumatano, 17 Julai

Waziri hajapona.

Jumapili, 21 Julai

Hillary amepanda mpaka Kitale kuniambia uso kwa uso. Alikataa kuketi.

"Dada, nisikize. Fahali ni yangu, rakini mlango ni ya Roselyne. Mke wa khocha ndiye anapokea mtoto. Mtoto akija akute jiko baridi, nitasema nini? Mimi sichinji peke yangu kama mwizi."

"Kwa hiyo utamnyima mtoto wangu kwa sababu ya huyo?"

"Siye mimi nanyima. Ni wewe umefunga mlango, harafu unaniuliza ufunguo."

Akaondoka bila kunywa hata maji. Nilimtukana mpaka alipopotea kwenye kona. Nilipogeuka, Mukhisa alikuwa nyuma yangu. Ana njuga zake tayari, Hesbon alimnunulia wiki jana, na amekuwa akizifanyia mazoezi mpaka majirani wamekoma. Alikuwa amezishika zisilie.

"Mathe, umeniharibia," akasema. Hakusema kwa hasira, na ningependa angekasirika.

Jumatano, 24 Julai

Mvua. Mtaro umejaa tena. Sikutukana mtu.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda Kimilili. Hesbon alibeba sukari na kuku, mimi nilibeba uso wangu, ambao ulikuwa mzito zaidi. Wazazi wa Roselyne walituketisha juani muda mrefu kabla ya kutukaribisha ndani, na nilikaa.

Roselyne akasema, "Nitarudi. Lakini kwanza mchimbue. Na jembe ashike yeye." Hakunitaja jina.

Tukarudi wote Webuye, ambako Hillary na Mukhisa walikuwa wakingoja. Nikashika jembe mbele ya kakangu, mume wangu, mwanangu na wasichana watatu. Pigo la kwanza nikavuta kitu cheusi. Tyubu ya miche. Ya pili, tyubu. Kisha karatasi nyembamba, zimekunjamana, zimelowa, nyingine zimeungua nusu zikashikana kama gundi. Nikachimba kando, ni hizohizo. Kila mahali nilipopiga jembe ni takataka za siku ile ya miti.

"Nilikuwa nachoma," Roselyne akasema. "Moshi ikamshika Everlyne kifua, wiki mbili anakohoa. Ndiyo nikaanza kufukia. Nyinyi mlipanda mkaenda kwenu. Mimi naishi hapa."

"Si ungesema!" nikamwambia.

"Nilisema. Mei. Mbele ya chifu. Ukaniambia nini?"

Aliyajua maneno yale vizuri kuliko mimi. Hillary alikuwa amechuchumaa upande wa chini ambako mvua imekula udongo. Pale karatasi zilikuwa zimefumuka zenyewe. Kulikuwa na kwato za Waziri pande zote, na karatasi moja imetafunwa nusu. Akamwonyesha mke wake. Roselyne akafunika mdomo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameogopa.

Nikasema pole. Ilitoka kama jino bovu, lakini ilitoka. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi nisingesema.

Jambo linaloniudhi hata sasa nikiandika ni hili: nilikuwa na mchawi mmoja, nikajua pa kupeleka hasira yangu. Sasa niipeleke wapi? Kwa Hesbon na tyubu zake? Njia yote ya kurudi Kitale nilimpigia kelele kuhusu tyubu, nikafikiri nimemaliza kumpata mwenye makosa.

Jumatatu, 12 Agosti

Waziri bado amesimama. Anangoja siku yake. Wengi hawangengoja.

Jumatano, 14 Agosti

Nitaandika polepole.

Mukhisa aliingia kwa khocha wake mchana na wenzake, njuga zinalia, vumbi mpaka magotini. Roselyne alimpokea mlangoni. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia, "Karibu, mwanangu," na hilo neno alilisema kwa sauti ili nilisikie mimi niliyekuwa jikoni kwake nikimenya ndizi.

Waziri hakuhitaji kuvutwa. Walimwelekeza tu, akaenda, akachinjwa. Alipasuliwa juu ya majani ya mgomba, na watu wakasogea kuzunguka, kwa sababu hapo ndipo khocha anapochota. Hillary akapasua tumbo, akaingiza mkono.

Mkono haukuzama. Akasukuma. Akajaribu upande mwingine, uso wake ukabadilika. Kisha akaanza kuvuta, na kilichotoka kilitoka kwa urefu, kama kamba ya kisimani, cheusi na cheupe na zambarau, kimejisuka chenyewe, kinanuka. Alivuta mpaka akasimama. Bado kilikuwa kinatoka. Kilipodondoka kwenye majani kilikuwa bonge la ukubwa wa mtoto anayetambaa, na ndani ya tumbo la fahali mzima wa khocha kulibaki majani ya kujaza viganja viwili.

Hakuna aliyeimba. Mzee mmoja akasema lifunikwe haraka, ikaletwe buse kutoka kwa jirani. Hillary akatikisa kichwa.

"Hapana. Tutampaka kile tulimlisha."

Roselyne akachuchumaa, akaanza kulifumua lile bonge kwa vidole. Tyubu akaweka kushoto. Hesbon alikuwa amesimama upande huo, akazitazama zikiongezeka miguuni pake, kisha akainama mwenyewe kuzikusanya, na suti yake ya sherehe ikaingia damu. Hakuna aliyemwambia ainame. Karatasi Roselyne akaziweka kulia. Aliinua moja, akaigeuza. Akainua nyingine. Mukhisa alikuwa karibu naye. Alitazama kilichokuwa mkononi mwa Roselyne, akanitafuta kwenye watu mpaka akanipata.

Nilisogea. Mistari ya zambarau. Imeraruliwa chini, na juu masikio mawili yamesimama. Nyingine hivyohivyo. Nyingine. Tumbo la ng'ombe linasaga mabua ya mahindi, linasaga vitu vigumu ambavyo jembe limeshindwa, lakini fundo langu lilikuwa bado limefungwa. Nilijisifu kwamba halifunguki, na kweli halikufunguka.

Nilipiga kelele. Watu wakafikiri ni uchungu wa mama, wakanishika mabega. Haukuwa uchungu, ilikuwa hasira, na kwa mara ya kwanza msimu huu wote haikuwa na pa kwenda ila kurudi kwangu. Nilitaka Roselyne aniambie neno. Hata moja. Alikuwa na haki ya kunivua nguo mbele ya ukoo mzima. Akaniwekea karatasi ile kiganjani, akanifunga vidole juu yake, akaendelea na kazi.

Hillary akachota zile nyasi kidogo zilizobaki, akazikamua katikati ya nailoni kama mtu anayekamua nguo. Akampaka Mukhisa paji la uso, mashavu, kifua. Maneno ya baraka aliyasema yote, hakupunguza. Kipande cheupe cha nailoni kikabaki kimenata kwenye kifua cha mwanangu. Mukhisa akainua mkono akitoe, Hillary akaushika. Buse haifutwi. Inakaa mpaka mtoni alfajiri.

Basi akavikwa nyama shingoni, akaondoka nayo akiimba, kwenda kilima cha pili nyumbani kwa kina baba yake, ambako atatahiriwa, na kile kipande kinang'aa juani kila anaporuka.

Alhamisi, 15 Agosti

Alfajiri wanaume walimpeleka mtoni. Mama haendi. Amerudi ametapakaa matope, akasimama wima mbele ya kisu, hakupepesa jicho. Mwanangu ni mwanamume.

Kipande hakikuwepo tena kifuani. Kama kimekwenda na maji, kimemfuata mtu mwingine chini huko.

Jumatano, 21 Agosti

Nimeacha karatasi. Atakayetaka chapati aje na bakuli, sufuria, kofia, shauri yake. Wateja wamenuna. Wanune. Mmoja ameniambia ati nimeanza maringo baada ya sherehe. Nilimweleza yaliyokuwa tumboni mwa Waziri mpaka akaacha chai yake.

Jumatatu, 26 Agosti

Hesbon amegombana na mteja wa Endebess aliyekataa kurudisha tyubu. Walikaribia kushikana. Nilijisikia vizuri kidogo.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumeshuka Webuye kushukuru, kama desturi inavyotaka. Kabla hatujafika langoni Hesbon alipunguza mwendo, akasema, "Ni nini ile?"

Kwenye mti wa lango, pale ambapo watu hutundika pembe za fahali aliyechinjiwa mtoto, ili wapita njia wajue boma hili lilimbariki mwana wa dada yao, Hillary ametundika lile bonge. Lote. Amelifunga kwa waya. Pembe za Waziri ziko chini yake, ndogo.

Tumeketi, tumekunywa chai. Roselyne alinimiminia mimi kwanza. Kila baada ya muda mtu anasimama barabarani, anauliza kwa sauti hicho ni nini, na Everlyne anatoka kumweleza kutoka mwanzo, na tyubu ni za nani, na fundo ni la nani. Anaeleza vizuri sana. Huyo msichana atakuwa mwalimu.

Hesbon alivumilia mpaka kikombe cha pili. "Shemeji, tumekubali makosa. Nitaleta mbuzi, wazee wakae, tuongee. Lakini kile kitu ukitoe pale. Hii njia watu wote wa kwetu wanapita."

Hillary alipuliza chai yake. Mvua ilikuwa imeanza, na kule langoni ilikuwa ikiosha lile bonge, damu na majani vinachuruzika, nailoni inabaki safi kama ya dukani. Kutoka nilipoketi nilikuwa naona masikio ya mafundo yangu yamesimama.

"Sina haraka na mbuzi, shemeji," akasema. "Ikioza nitaitoa."